Uainishaji wa Marubani Wazee: Misingi ya Elimu ya Ukomo

1. Suala la utafiti

Saa sita kasoro dakika moja usiku, kapteni ana miaka 64. Cheti chake cha afya cha daraja la kwanza hakina doa. Moyo, macho na masikio vimepimwa ndani ya miezi sita iliyopita, na kwenye simyuleta amezimiwa injini, akawashiwa moto wa bandia, akatua salama. Dunia inamkabidhi abiria 300 awavushe Atlantiki. Saa sita inagonga. Kapteni ametimiza 65, na kuanzia hapo kanuni ya kimataifa haimruhusu kupeleka kibiashara hata gunia moja la barua nchi ya jirani.

Kuna nini ndani ya dakika hiyo? Wanafizikia wamenyamaza. Madaktari wamesema mengi, ila si kuhusu dakika hiyo. Ndiyo maana imebidi kuasisi fani mpya, ambayo makala haya yanaiita elimu ya ukomo: taaluma inayochunguza jinsi namba inavyoweza kumzeesha mtu bila kumgusa. Madereva wa daladala na manahodha wa majahazi wamewekwa kando, kwa kuwa ukomo wao huamuliwa na mwili wenyewe, au na abiria. Tunashughulika na marubani wa mashirika ya ndege tu.

Wanafunzi wa fani hii huanza na Fumbo la Mstari wa Tarehe. Kapteni wa kampuni ya Marekani anaondoka Tokyo saa sita na dakika tano usiku, siku yake ya kutimiza 65. Anafika Los Angeles jioni ya siku iliyotangulia. Je, ameruka mzee akatua kijana? Mwanasheria atasema hakupaswa kuruka. Mwanafalsafa ataomba aongezewe muda wa kujibu.

2. Chimbuko la namba

Namba ya kale kuliko zote katika fani hii ni 60, nayo haikuzaliwa maabara. Mwanzoni mwa mwaka 1959 C. R. Smith, rais wa kampuni ya American Airlines, alimwandikia barua Elwood Quesada, jenerali mstaafu aliyekuwa akiongoza FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Januari mwaka huo kampuni yake ilikuwa imeanza kurusha Boeing 707. Kwa desturi ya kazi ile, aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua ndege. Jeti mpya zilikuwa zinaelekea mikononi mwa makapteni wenye mvi, ambao kuwafundisha upya kulidaiwa kuchukua muda mrefu. Kampuni ilitaka waondoke wakifika 60. Marubani wakakataa, shauri likaenda kwa wasuluhishi, na marubani wakashinda.

Kilichoshindikana kwa mkataba kikapatikana kwa kanuni. Desemba 1959 FAA ilitangaza kwamba hakuna atakayerusha ndege ya shirika baada ya kutimiza miaka 60, na kanuni ikaanza kutumika tarehe 15 Machi 1960. Sababu iliyoandikwa ilikuwa usalama.

Mtafiti makini hupekua pia vyeti vya kuzaliwa. Smith alizaliwa Septemba 1899, maana yake alitimiza 60 miezi mitatu hivi kabla ya tangazo. Alibaki kwenye kiti chake hadi 1968, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Biashara wa Marekani, na mwaka 1973, akiwa ameshapita 70, kampuni ilimwita tena aiongoze. Hapa elimu ya ukomo inasajili ugunduzi wake wa kwanza: kiti cha mbele ya ndege huzeesha haraka kuliko kiti cha ofisi inayoimiliki.

Miaka 20 baada ya tangazo la kanuni, Bunge la Marekani liliagiza suala lichunguzwe kitaalamu. Ripoti ya mwaka 1981 ilisema hakuna ushahidi wa kitabibu unaoshawishi kwamba 60, au umri mwingine wowote mahususi, ndio unaofaa kumwondoa rubani. Kisha ikapendekeza kanuni iendelee. Msomaji asidhani sentensi hizo mbili zimetoka katika ripoti mbili.

3. Uainishaji

Uchunguzi wa sheria, hukumu za mahakama na mienendo ya marubani wenyewe umewezesha kutambua jamii saba. Mtu mmoja anaweza kupitia kadhaa katika maisha yake, wakati mwingine ndani ya wiki moja.

*Mzee wa Kawaida.* Huyu ndiye mfano mama. Anapatikana katika nchi zote zinazofuata kiwango cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambalo makao yake yako Montreal na ofisi yake ya mashariki na kusini mwa Afrika iko Nairobi. Akifika 60 anaanza kupimwa afya kila miezi sita. Akifika 65 anavua kofia, awe wa Kenya Airways, wa Air Tanzania au wa Lufthansa. Dalili zake ni keki kwenye chumba cha wafanyakazi, magari ya zimamoto yanayomwagia ndege yake maji kwa heshima, na kiinua mgongo.

*Mzee Mwenye Mlezi.* Jamii hii iliishi kati ya 2006 na 2014, kisha ikatoweka. Novemba 2006 ICAO ilipandisha ukomo kutoka 60 hadi 65 kwa sharti moja: aliyevuka 60 aketi na mwenzake ambaye hajafika 60. Ni kama kungwi kuambiwa asitoke nje bila mwari wa kumchunga. Makapteni wawili wa miaka 61, kila mmoja mzima kabisa peke yake, waliharamika wakiwekwa pamoja. Novemba 2014 sharti lilifutwa, na bila dawa yoyote wakawa halali.

*Mpweke.* Huyu ni kinyume cha aliyetangulia. Katika safari za kibiashara za kimataifa zenye rubani mmoja, ukomo ulibaki 60. Kwa hiyo mtu wa miaka 62 ni kijana kiti cha pili kikiwa na mtu, na ni mzee kikiwa kitupu. Ukweli ni kwamba jamii hii ndiyo yenye mantiki kuliko zote, kama sehemu ya tano itakavyoonyesha, na labda ndiyo sababu haizungumzwi sana.

*Mhamia-Nyuma.* Jamii ya enzi za ndege kama Boeing 727, zilizokuwa na kiti cha tatu cha injinia wa ndege. Kanuni ya 60 ilitaja marubani, haikumtaja injinia. Kapteni mjanja alipokaribia siku yake aliomba kuhamia nyuma ya wenzake, akaendelea kusafiri katika chumba kilekile, akisoma geji badala ya kushika usukani. Baadhi ya kampuni zilimzuia. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili, moja dhidi ya TWA na nyingine dhidi ya Western Air Lines, na zote zikamlinda. Ushahidi huo unathibitisha kwamba uzee wa rubani hukaa mbele: ukisogea hatua mbili nyuma, haukufikii.

*Mbeba-Tupu.* Makazi yake ni Ulaya. Julai 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kapteni mmoja na Lufthansa CityLine, iliamua kwamba ukomo wa 65 ni halali, lakini unahusu kubeba abiria, mizigo au barua kibiashara. Kuhamisha ndege tupu kutoka kiwanja hadi kiwanja hakumo, wala kufundisha na kutahini marubani wengine. Mbeba-Tupu anaweza basi kuruka na ndege ya mamilioni ya dola juu ya miji ileile, mradi nyuma yake pasiwe na kitu. Pakia gunia la posta, na papo hapo anazeeka.

*Mvuka-Mpaka.* Kiwango cha ICAO kinabana safari za kimataifa. Ndani ya mipaka yake kila nchi hujipangia. Australia na Kanada hazina ukomo wa kitaifa. Japani iliruhusu marubani wake kuruka hadi 67 kuanzia mwaka 2015. Mvuka-Mpaka huishi kwa kusoma ramani. Anayejulikana zaidi ni kapteni Christie wa Qantas, aliyekuwa akirusha Boeing 747 na kutimiza 60 mwaka 1994, wakati kwao Australia umri haukuwa kosa. Tatizo lilikuwa kwamba nchi nyingi zilizokuwa kwenye njia zake zilimkatalia anga, akabakiwa na sehemu chache kama New Zealand, Fiji na Bali. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Australia iliipa Qantas ushindi: rubani wa kimataifa asiyeweza kuingia mataifa ya watu hatimizi sharti la msingi la kazi. Christie hakuwa mzee nyumbani. Alizeekea ugenini.

*Aliyewahi Kuzaliwa.* Hii ndiyo jamii ya huzuni. Tarehe 13 Desemba 2007 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyopandisha ukomo wa Marekani kutoka 60 hadi 65. Katika Baraza la Wawakilishi ilikuwa imepita kwa kura 390 bila hata moja ya kupinga. Haikurudi nyuma. Aliyetimiza 60 tarehe 14 alipata miaka mitano ya mshahara wa kapteni. Aliyetimiza 60 tarehe 12 alikuwa ameshaondoka, na kama alitaka kurudi, ilimbidi aajiriwe upya na kuanzia mkiani, nyuma ya vijana aliowafundisha. Kosa lake lilikuwa la mama yake, kutosubiri siku mbili.

Nje ya jamii hizi saba yuko kielelezo kimoja kisichoainishika. Oktoba 1998, wakati shirika lolote la ndege la Marekani lilikatazwa kumpa usukani mtu wa miaka 60, John Glenn alipaa na chombo cha Discovery kwenda anga za juu akiwa na miaka 77. Moja ya kazi zake huko ilikuwa kuchunguzwa, ili wataalamu wajifunze kuhusu uzee.

4. Madhehebu mawili

Mijadala ya ukomo imegawanyika katika madhehebu mawili. La kwanza ni Madhehebu ya Jungu Kuu, linaloamini kwamba rubani mzee hakosi ukoko: saa 20,000 za angani, dhoruba alizozipita, hofu aliyokwisha kuizoea. La pili ni Madhehebu ya Moshi, linaloshikilia kwamba ujana ukienda haurudi, na pamoja nao huondoka kasi ya mkono, usikivu wa sikio na kumbukumbu ya karibu.

Madhehebu haya hugombea mashujaa walewale. Februari 1989 mlango wa mizigo wa Boeing 747 ya United Airlines ulichomoka baada ya ndege kuondoka Honolulu. Abiria tisa walifariki na injini mbili zikaharibika, lakini kapteni David Cronin aliirudisha ndege na wote waliobaki. Alikuwa na miaka 59. Julai mwaka huohuo Al Haynes, mwenye miaka 57, alifika Sioux City na ndege isiyo na mfumo hata mmoja wa haidroliki wa kuiongoza, na watu 184 kati ya 296 wakaokoka. Januari 2009 Chesley Sullenberger, naye 57, alitua juu ya mto Hudson, New York, na watu wote 155 wakatoka hai.

Jungu Kuu husema: mnaona? Wote walikuwa wameshakula chumvi nyingi. Moshi hujibu: mnaona? Wote walikuwa hawajafika 60. Elimu ya ukomo inabainisha tu kwamba kama namba ya mwaka 1960 ingekuwa 55, wote watatu siku hizo wangekuwa bustanini.

5. Madaktari wanasema nini hasa

Haifai kuwasingizia madaktari. Hatari ya moyo kusimama ghafla au mshipa wa ubongo kupasuka huongezeka kadiri miaka inavyosonga, na hilo halina ubishi. Wataalamu wa tiba ya anga wana kipimo wanachokiita kanuni ya asilimia moja: rubani anaweza kuruka katika ndege ya marubani wawili iwapo uwezekano wa kulemewa ghafla na maradhi hauzidi asilimia moja kwa mwaka. Hesabu hiyo imejengwa juu ya kiti cha pili. Mmoja akianguka, mwingine anatua.

Na ndivyo ilivyotokea. Juni 2009 kapteni wa Continental wa miaka 60 alifariki akitoka Brussels kwenda Newark. Wenzake walitua, na abiria walijua walipofika chini. Mwaka 2013 kapteni wa United wa miaka 63 alizidiwa angani na baadaye akafariki. Rubani msaidizi alishusha ndege Boise. Mwaka 2015 kapteni wa American wa miaka 57 alifariki angani. Ndege ikatua Syracuse. Umri wa watatu hao unaonyesha kuwa kifo hakikusoma kanuni, na abiria wao wanaonyesha kinga iko wapi: kwa mtu wa pili aliyefundishwa vizuri. Ndiyo maana Mpweke ana mantiki. Yeye hana mtu wa pili.

Kwa lugha ya fani, mwili wa binadamu una mteremko, nayo sheria inataka genge. Tiba inaweza kusema mteremko unaanza wapi kuwa mkali. Haiwezi kusema genge liwe wapi. Kazi hiyo hufanywa na watu wengine.

6. Kanuni ya Kiti

Watu hao wengine ni kina nani? Hapa utafiti unafika kwenye sheria yake kuu, Kanuni ya Kiti: *hoja ya usalama hubadilika kulingana na mahali mtoa hoja alipo kwenye orodha*.

Orodha inayosemwa ni ile ya nani alitangulia kuajiriwa. Katika mashirika makubwa ya Marekani namba yako katika orodha hiyo ndiyo inayoamua ndege, njia, siku za mapumziko na mshahara. Kapteni mmoja wa juu akistaafu, mamia walio chini yake husogea hatua moja. Ukiongeza ukomo kwa miaka miwili, foleni yote inasimama miaka miwili. Kila mwaka anaoongezewa mzee una mtu mwingine anayeulipia, na mtu huyo kwa kawaida ana miaka 40 na mkopo wa nyumba.

Tuijaribu kanuni kwa ushahidi. Chama kikubwa cha marubani cha Marekani, ALPA, kilipigana na ukomo wa 60 ulipoanzishwa, wakati wanachama wa juu walikuwa wakitolewa. Mwaka 1980 kikageuka kikautetea. Mei 2007, mabadiliko yalipokuwa hayazuiliki, kikaacha kuupinga mpango wa 65. Mwaka 2023, lilipokuja pendekezo la 67, kikasimama kidete dhidi yake. Mara nyingi neno lililotangulia lilikuwa usalama.

Upande wa kampuni nao haukosi rangi. Mwaka 1959 rais wa kampuni aliwaona wenye miaka 60 kuwa hatari kwa jeti. Baada ya janga la Uviko-19, kampuni za Marekani zilizokuwa zimewalipa wazee waondoke mapema ziligundua kwamba marubani hawatoshi, na kampuni ndogo za mikoani zikaanza kuuona umri wa 67 kuwa umri wa busara. Mwaka 2025 IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ulipeleka pendekezo la 67 kwenye mkutano mkuu wa ICAO huko Montreal. Halikupita.

Wanasiasa walistahili sura yao wenyewe, lakini tukio moja linatosha. Julai 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha 67; Seneti ikakataa. Mei 2024 Rais Joe Biden akatia saini sheria iliyowaacha marubani kwenye 65. Alikuwa na miaka 81.

7. Viti vingine, kwa kulinganisha

Mwongoza ndege wa serikali ya Marekani hustaafu akiwa na miaka 56, kwa hiyo anamsindikiza kwa redio rubani anayemzidi miaka tisa. Tanzania, jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na 60 na wa Mahakama ya Rufani akiwa na 65, sawasawa na kapteni. Kenya, jaji huenda hadi 70. Uganda ilikuwa na ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais, ikaufuta mwaka 2017. Kutokana na mifano hii fani inatoa kanuni ndogo: kadiri mwenye kiti anavyoshiriki kuandika sheria ya kiti chake, ndivyo ukomo unavyosogea mbele. Rubani haandiki sheria yoyote.

8. Hitimisho

Baada ya kuainisha, kulinganisha na kupekua vyeti, hukumu ya makala haya ni kwamba 65 si namba ya kitabibu. Ni mapatano kati ya aliyeketi, anayesubiri kuketi na anayelipa mishahara yao, yaliyovishwa koti jeupe la daktari.

Hata hivyo pendekezo si kuifuta. Ukomo wa namba una sifa moja ambayo wapinzani wake huisahau: hauhongeki. Haumjui mtoto wa mkubwa wala adui wa meneja. Tukisema kila rubani apimwe kivyake na aondolewe akionekana amechoka, lazima awepo mtu wa kuamua nani anaonekana amechoka, na wafanyakazi wa nchi zetu wanajua vizuri kalamu ya namna hiyo huishia wapi. Kalenda ni hakimu mjinga, lakini ni hakimu asiyekula rushwa, na katika kazi inayobeba roho za watu hilo si jambo dogo.

Kinachotakiwa ni ukweli katika kuiandika. Sheria iseme wazi kwamba inachora mstari kwa sababu lazima uchorwe mahali, na kwamba inagawa nafasi kati ya vizazi. Iwalinde wanaoangukia upande mbaya wa tarehe, kwa kutangaza mabadiliko mapema na kuheshimu miaka waliyokwisha kutumikia. Na irudishe nguvu mahali usalama unapopatikana kweli: vipimo vya afya visivyo vya kupita tu, simyuleta isiyo na huruma, na viti viwili vyenye watu wawili.

Nawe msomaji, siku utakapomsikia kiongozi wa chama, mwenye kampuni au mbunge akihubiri umri gani ni salama angani, usianze kumuuliza habari za moyo na mishipa. Muulize yeye yuko namba ngapi kwenye orodha.